Ladha na Haki katika Kuamua Muziki

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuketi katika meza ya waamuzi wa mashindano ya kirafiki ya muziki baina ya shule chache za sekondari za wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Makundi yalikuwa manne: kwaya mbili na ngoma mbili. Waamuzi tulikuwa watatu, na kila mmoja wetu alipewa fomu yenye nafasi moja tu ya kuandika alama, kuanzia 0 hadi 100. Kwaya moja ilishinda. Tulipokuwa tukitawanyika, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu, kiongozi wa kundi la ngoma lililotoka upande wa Ngara, alinijia, akaniamkia kwa adabu, kisha akauliza: “Mwalimu, tumekosea wapi, ili mwakani turekebishe?”

Sikuwa na jibu. Katika fomu yangu palikuwa na namba tu, na namba ile haikueleza lolote. Niliporudi nyumbani nikaanza kuzichunguza alama zetu kama ambavyo ningechunguza vipimo vya maabara, nikagundua kwamba matokeo ya siku ile yalikuwa yameamuliwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Makala haya yana shabaha ya kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na jinsi linavyoweza kuzuiwa. Ni somo la hesabu na la sayansi ya vipimo, ingawa mfano wake ni muziki. Walimu wanaoandaa mashindano ya kwaya na ngoma, yakiwemo yale ya UMISSETA, wataweza kulitumia; na wanafunzi wataona kwamba takwimu wanazojifunza darasani zaweza kumtendea mtu haki au kumdhulumu.

1. Mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa

Wapo wasemao kwamba katika muziki hakuna haki wala dhuluma, kwani kipendacho roho hula nyama mbichi. Mmoja hupenda kwaya, mwingine marimba, wa tatu taarabu. Nani awezaye kusema yupi amekosea? Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini inachanganya mambo mawili.

Tuchukue mfano wa mizani ya kununulia kahawa, zao ambalo wakulima wa Ngara wanalijua vema. Mizani yaweza kuwa na kasoro za aina mbili. Ya kwanza ni kutetereka: gunia lilelile likipimwa mara tatu, mizani inasoma uzito tofauti kidogo kila mara, pengine juu, pengine chini. Hili ni kosa la nasibu, na hupungua tukipima mara nyingi na kutafuta wastani. Ya pili ni kuegemea upande mmoja: mizani inasoma kilo mbili pungufu kila mara. Hili ni kosa la mwelekeo, na haliponi kwa kupima mara nyingi. Ukipima mara mia moja, mkulima atapunjwa mara mia moja.

Waamuzi wa muziki wana kasoro zote mbili. Kwamba mwamuzi mmoja anaguswa zaidi na sauti nzito na mwenzake na mapigo ya haraka, hiyo ni ladha, na si dhambi. Tukiwa na waamuzi wa kutosha wenye ladha mbalimbali, tofauti hizo huelekea kufidiana. Lakini iwapo waamuzi wote wamelelewa katika muziki wa aina moja, au fomu yenyewe imeandikwa kwa ajili ya muziki wa aina moja, basi mizani imeegemea. Hapo kuongeza waamuzi wa namna ileile hakusaidii kitu. Wahenga walikwisha kuona jambo hili waliposema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Mwanafalsafa David Hume wa Scotland aliandika juu ya suala hili mwaka 1757. Hakukana kwamba ladha hutofautiana. Alisema, hata hivyo, kwamba hukumu za watu hazilingani kwa thamani: aliyezoea sanaa inayohusika, aliyelinganisha kazi nyingi, na aliyejitahidi kujivua chuki na upendeleo, hukumu yake inastahili kusikilizwa zaidi. Kwa maneno mengine, ladha haifutiki, ila yaweza kufundishwa na kuwekewa utaratibu.

2. Jinsi mwamuzi mmoja anavyowashinda wawili

Tarakimu zifuatazo nimezibuni kwa ajili ya somo, lakini umbo lake ni lile nililoliona siku ile. Kundi A na Kundi C ni kwaya. Kundi B na Kundi D ni ngoma.

Mwamuzi wa kwanza: A 70, B 74, C 72, D 68.
Mwamuzi wa pili: A 71, B 75, C 73, D 69.
Mwamuzi wa tatu: A 90, B 60, C 50, D 40.
Jumla: A 231, B 209, C 195, D 177.

Kwa jumla ya alama, Kundi A limeshinda kwa mbali. Lakini tazama tena. Mwamuzi wa kwanza na wa pili wote wameliweka Kundi B mbele, na Kundi A la tatu. Ni mwamuzi wa tatu peke yake aliyeliweka Kundi A mbele. Imekuwaje basi sauti moja ikazishinda sauti mbili?

Jibu limo katika mtawanyiko wa alama. Mwamuzi wa kwanza alitumia alama kutoka 68 hadi 74, yaani upana wa alama 6 tu. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alitumia upana wa alama 50, kutoka 40 hadi 90. Tunapojumlisha, tunadhani tunawapa waamuzi uzito sawa. Kwa kweli tumempa uzito mkubwa zaidi yule anayetawanya alama. Mwamuzi huyo hakula rushwa wala hakukusudia ubaya. Ametumia fomu kama alivyoielewa.

Zipo njia kadhaa za kurekebisha hali hii. Ya kwanza ni kuzigeuza alama kuwa nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Jumla ya nafasi inakuwa A 7, B 4, C 7, D 12. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi, naye ni B. Njia ya namna hii ilipendekezwa na Mfaransa Jean-Charles de Borda katika karne ya 18 kwa ajili ya uchaguzi.

Ya pili ni kutumia mediani, yaani alama ya katikati baada ya kuzipanga. Mediani ni A 71, B 74, C 72, D 68. Hapa pia B ni wa kwanza.

Ya tatu ni kusawazisha. Kwa kila mwamuzi, tafuta wastani wa alama zake; ondoa wastani huo katika kila alama; kisha gawanya tofauti hiyo kwa kipimo cha mtawanyiko wake, ambacho ni kipeuo cha pili cha wastani wa vipeo vya pili vya tofauti hizo. Wastani wa mwamuzi wa kwanza ni 71, na mtawanyiko wake ni 2.24. Wastani wa mwamuzi wa tatu ni 60, na mtawanyiko wake ni 18.71. Tukifanya hivyo kwa waamuzi wote na kujumlisha, tunapata A +0.71, B +2.68, C +0.36, D −3.75. Kwa mara nyingine B anaongoza.

Msomaji makini ataona jambo jingine. Njia zote tatu zinakubaliana juu ya mshindi, lakini hazikubaliani juu ya nafasi ya pili. Kwa kusawazisha, wa pili ni A; kwa mediani, wa pili ni C; kwa nafasi, A na C wametoka sare. Mchumi wa Marekani Kenneth Arrow alithibitisha mwaka 1951 kwamba, machaguo yakifika matatu au zaidi, hakuna kanuni ya kuunganisha mapendeleo ya watu wengi iwezayo kutimiza masharti yote ya haki ambayo tungeyapenda kwa wakati mmoja. Kila njia ina gharama yake. Kusawazisha, mathalani, hufuta tofauti kubwa ambayo pengine mwamuzi wa tatu aliiona kwa haki. Hivyo kilicho muhimu ni kuichagua njia kabla ya mashindano na kuitangaza kwa wote. Anayechagua kanuni baada ya kuziona alama amekwisha kumchagua mshindi.

3. Kigezo cha kwaya juu ya mgongo wa ngoma

Hesabu peke yake haikutosha kunieleza kosa langu. Kwa nini nililipa Kundi B alama 60 na Kundi D 40? Nilipojiuliza kwa unyofu, niliona kwamba nilikuwa nikisikiliza mambo niliyofundishwa kuyasikiliza: ulinganifu wa sauti nne, matamshi, na usahihi wa noti. Vigezo hivyo ni vya kwaya. Vilikuja kwetu na wamisionari, pamoja na mwandiko wa do, re, mi ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19. Ni vigezo vyema kwa kazi yake.

Lakini Wahangaza na Washubi wa Ngara ni majirani wa Warundi kwa mpaka na kwa lugha. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, kwa maelezo kwamba inaunganisha mapigo, uchezaji, ushairi wa kishujaa na nyimbo. Sanaa ya namna hii haiwezi kupimwa kwa kuuliza kama sauti ya tatu iliingia vema. Maswali yake ni mengine: Je, wapigaji wanashikana kama mtu mmoja? Je, kiongozi anapobadili mwendo, wenzake wanamfuata bila kusita? Je, mwili, ngoma na maneno vinasemezana?

Jambo hili si la kwetu tu. Katika nchi za Magharibi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, uko muziki wa roki uitwao progresivu. Kundi la Yes la Uingereza lilitoa mwaka 1972 sahani iitwayo Close to the Edge, ambayo wimbo wake mkuu unachukua takriban dakika 18 na kujaza upande mzima. Mhakiki aliyezoea wimbo wa dakika tatu huusikia wimbo huo na kuhukumu kuwa ni mrefu kupita kiasi. Mshabiki wa aina hiyo naye huweza kuusifu kwa sababu tu ni mrefu. Wote wawili hawajaihakiki kazi. Wameihakiki aina yake. Mhakiki wa haki huuliza: Kazi hii imekusudia nini? Urefu wake umetumika kujenga jambo, au kurudia tu? Kisha husema wazi mahali ambapo ladha yake inaingia, ili msomaji mwenye ladha tofauti aweze kujitafutia hukumu yake mwenyewe.

Tusiende, hata hivyo, upande wa pili na kusema kwamba kila kundi lihukumiwe na watu wa kwao pekee. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo isemavyo methali, na kutunzwa nyumbani si kipimo cha ubora. Kigezo cha haki ni kile kinachotokana na sanaa inayohusika, lakini kinachoweza kuelezwa kwa mtu wa nje akakielewa na kukitumia.

4. Jicho, zamu na umati

Watafiti wamegundua mambo mengine matatu yanayoipotosha hukumu bila mwamuzi kujua.

La kwanza ni jicho. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alichapisha majaribio ambamo watu waliombwa kuwatambua washindi wa mashindano halisi ya muziki wa Ulaya. Baadhi walisikia sauti tu, baadhi waliona picha tu bila sauti, na baadhi walipata vyote viwili. Waliotazama picha bila sauti ndio waliowatambua washindi vizuri zaidi, wawe wanamuziki au la. Yaani waamuzi waliodhani wanasikiliza walikuwa pia wanatazama. Okestra nyingi huwaficha watahiniwa nyuma ya pazia kwa sababu ya hatari hiyo. Kwa kwaya, pazia laweza kufaa. Kwa ngoma halifai hata kidogo, kwani kutazamwa ni sehemu ya sanaa yenyewe. Dawa ya ugonjwa mmoja yaweza kuwa sumu kwa mwingine.

La pili ni zamu. Huko Brussels, Ubelgiji, hufanyika mashindano mashuhuri ya muziki ya Malkia Elisabeth. Wapigaji waliofika fainali walikuwa 12, wawili kila jioni kwa siku sita, na zamu zilipangwa kwa kura. Kwa kuwa kura haijui nani ni hodari, zamu haikupaswa kuhusiana na ushindi. Hata hivyo, uchunguzi wa Flôres na Ginsburgh, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba waliopiga siku ya kwanza hawakuwa na bahati sawa na waliopiga baadaye. Mwamuzi asiyejua bado ni mambo gani yanamngoja huogopa kutoa alama ya juu mapema. Katika mashindano yetu lipo na suala la safari: kundi lililotoka Ngara kupitia Nyakahura na Lusahunga hadi Biharamulo mjini, likapanda jukwaani mara tu baada ya kushuka garini, halijatendewa sawa na wenyeji waliolala kwao.

La tatu ni umati. Wasukuma, ambao baadhi yao wamehamia Biharamulo, wana desturi mashuhuri ya mashindano ya Bagika na Bagalu. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Kwa sababu hiyo wachezaji hubuni vituko vya kila namna, na hata dawa za mvuto zimetumika. Utaratibu huu ni wa haki kwa maana moja: kanuni yake inajulikana na wote kabla ya kuanza. Lakini je, ukubwa wa umati ni kipimo cha ubora wa muziki?

Jaribio la Salganik, Dodds na Watts lililochapishwa mwaka 2006 linatusaidia kujibu. Zaidi ya watu 14,000 walisikiliza nyimbo 48 za vikundi visivyojulikana. Baadhi walichagua peke yao bila kujua wengine wamependa nini. Wengine waligawanywa katika makundi manane, na katika kila kundi waliona idadi ya waliokwisha kuuchukua kila wimbo. Nyimbo zilikuwa zilezile, lakini kila kundi lilipata mashujaa wake. Nyimbo bora kabisa hazikushindwa sana, na mbaya kabisa hazikushinda mara nyingi. Zilizo katikati ziliweza kuangukia popote. Watu walikuwa wakifuata watu. Kinyume chake, mwaka 1907 Francis Galton alieleza jinsi watu 787 katika maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, walivyokisia uzito wa nyama ya ng'ombe mmoja, kila mtu akiandika peke yake katika karatasi. Mediani ya makisio yao ilikuwa ratili 1,207, na uzito wa kweli ratili 1,198. Wengi huweza kuwa na hekima, mradi kila mmoja afikiri peke yake kwanza.

5. Kanuni za mezani

Kutokana na hayo, napendekeza mambo sita kwa mwalimu anayeandaa mashindano:

(a) Kwaya na ngoma zisipimwe kwa fomu moja. Kila aina iwe na vigezo vyake, vilivyoandikwa kwa ushauri wa watu wanaoijua, na makundi yavipate wiki kadhaa kabla.
(b) Waamuzi wasiwe chini ya watatu, wasiwe wote wa malezi ya aina moja, na asiwepo anayefundisha kundi linaloshindana.
(c) Kabla ya kuanza, waamuzi wote wapime kundi moja la majaribio lisiloshindana, ili wakubaliane 50 ina maana gani na 90 ina maana gani.
(d) Zamu zipangwe kwa kura, na kundi lililotoka mbali lipewe muda wa kupumzika.
(e) Kila mwamuzi aandike alama zake bila kushauriana na bila kusikiliza vigelegele, na fomu zikusanywe baada ya kila onyesho.
(f) Njia ya kuunganisha alama itangazwe mapema, na chini ya kila alama ziandikwe sentensi mbili: moja ya jambo lililofanywa vizuri, moja ya jambo la kurekebisha.

Kanuni ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Kundi linaloshindwa bila kuelezwa sababu hujitafutia sababu lenyewe, na mara nyingi ile inayopatikana upesi ni kwamba ngoma ya kwao, au lugha ya kwao, ni duni. Hilo ni funzo la uongo, nasi tunaweza kulifundisha bila kujua, kwa namba tu. Ladha yangu ilikuwa haki yangu. Kuificha ndani ya alama na kuiita kipimo, hapo ndipo nilipokosea. Kijana yule aliniuliza wao wamekosea wapi; mengi ya makosa ya siku ile yalikuwa upande wetu wa meza.

Zoezi la darasani

Mwalimu achague nyimbo tano fupi zilizorekodiwa, za aina moja, na kuzipiga mbele ya darasa. Wimbo mmoja upigwe mara mbili, wa pili na wa mwisho, bila kuwaambia wanafunzi, ili yawe maonyesho sita. Kila mwanafunzi atoe alama kuanzia 0 hadi 100 kwa siri. Kisha:

1. Linganisha alama mbili ulizoupa wimbo uliorudiwa. Tofauti hiyo ndiyo mtetereko wa mizani yako. Je, unazidi tofauti kati ya wimbo ulioupa nafasi ya kwanza na ulioupa nafasi ya pili?
2. Tafuta upana wa alama za kila mwanafunzi. Nani ametawanya zaidi, nani kidogo zaidi?
3. Mtafute mshindi kwa jumla, kwa nafasi, kwa mediani na kwa kusawazisha. Je, ni yuleyule?
4. Rudieni zoezi kwa nyimbo nyingine, mara hii kila mmoja akitaja alama zake kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Je, alama zimekaribiana zaidi kuliko mwanzo? Elezeni kwa nini kukaribiana huko si ushahidi wa haki.